Mama Asiruke

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta mzima, wewe na shemeji. Mimi sijambo, jino tu la nyuma linanisumbua na sina muda wa kwenda kuling'oa. Nimempa dereva wa basi shali ya kijivu ya mama. Mwambie aivae asubuhi kwenye baridi, asiifungie kabatini akingoja wageni.

Uliniambia nisikupigie tena simu, niandike, kwa sababu kwenye simu napandisha sauti. Haya, naandika. Na kwa kuwa mama simu haisikii na macho yake hayasomi, salamu zake umsomee wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Hapa hospitali, kwenye kitengo chetu cha mazoezi ya viungo, mwezi uliopita walitupima mifupa wafanyakazi wanawake. Nilijipeleka kwa mbwembwe, nikijua nitasifiwa. Nikaambiwa mifupa ya nyonga imeanza kupungua, na nina miaka thelathini na tisa tu. Daktari akaniuliza, mama yako yukoje? Nikamwambia mgongo umepinda, na mwaka juzi alivunjika kifundo cha mkono kwa kujishika tu ukutani. Akauliza kama nina dada. Nikasema ninaye, ana arobaini na nne, anakaa kwenye cherehani kutwa nzima kama amegundishwa. Akasema huyo naye asingoje.

Basi fanya hivi. Simama uani, kwenye sakafu kavu na ngumu. Ruka juu kwa nguvu zako zote, utue kwa miguu miwili, magoti yamelegea kidogo. Pumzika nusu dakika. Ruka tena. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ukizoea, baada ya wiki kadhaa, fikisha ishirini. Hakuna mashine, hakuna viatu maalumu. Mfupa unataka kishindo ndipo ujitie nguvu, na kukaa hakuna kishindo. Lakini zoezi hili ni la mwanamke ambaye bado anaona siku zake, kama mimi na wewe, na ambaye magoti na mgongo havimuumi. Mimi naruka na wanawake kumi na mmoja kwenye korido ya nyuma, karibu na chumba cha kufulia. Tunavyotikisa madirisha, wafuaji wanatoka kutuangalia.

MAMA ASIRUKE. Nimepiga mstari chini usije ukasema hukuona. Mifupa yake imeshachoka, kishindo kitamvunja. Yeye atembee tu uani, taratibu, na mtu awe karibu.

Niandikie kama umeanza.

Mdogo wako.

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako anachomelea mageti kama kawaida na jioni anarudi macho mekundu, ukimwambia avae miwani anasema inampunguzia uanaume. Shali imefika. Mama kaivaa siku hiyo hiyo na hajaivua.

Barua yako nimeisoma jana. Tena niliisoma kwa sauti, chumba cha kushonea, mbele ya wenzangu wawili, na mama kwenye kiti chake akifumua pindo la suruali. Peke yangu nisingeifaidi. Yule fundi wangu wa vifungo alicheka mpaka akajichoma sindano. Eti niruke! Mimi, na mwili huu! Halafu hiyo nusu dakika nisimame katikati ya ua nawaza nini? Majirani wakiniona napaa na kutua watampigia shemeji yako simu aje anifunge kamba.

Hebu nikuulize, Mtaalamu. Asubuhi nani anamwogesha mama? Nani anamkata kucha, nani anamshika akienda chooni? Vitambaa vikija, mzigo mzima, nani anaubeba begani kutoka barabarani? Hicho kishindo chako mimi ninacho tangu alfajiri. Wewe miaka minne hujakanyaga hapa, leo umepimwa mfupa mmoja umekuwa daktari wa ukoo. Njoo uruke hapa uani mwenyewe, ukimaliza uoshe na vyombo.

Na habari za siku zangu usiniandikie tena kwenye karatasi. Barua inapita kwenye mikono ya watu.

Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula vizuri.

Dada yako.

*

15 Machi

Dada,

Habari za huko. Hapa salama.

Sikuandika ile barua ili uwachekeshe mafundi wako. Nilikaa meza moja na jino linaniuma, nikaandika kurasa mbili nikikufikiria wewe, na wewe umeifanya kichekesho. Sawa. Nimejua thamani yangu.

Unasema miaka minne sijakanyaga. Kwani umesahau? Siku ya maziko ya baba ulisema mbele ya watu wote, "Mpeni mgeni kiti." Nikageuka kumtafuta huyo mgeni, kumbe ni mimi. Nimepanda basi usiku kucha kuja kumzika baba yangu, halafu naitwa mgeni kwenye nyumba niliyozaliwa. Basi mgeni amekaa kwake.

Hutaki kuruka, usiruke. Mifupa ni yako. Siku ukivunjika, usiniite.

Mama mpe salamu zangu. Mwambie nakula.

Mdogo wako.

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Naona siku hizi hata shikamoo imekushinda. Haidhuru.

Mama amevunjika nyonga. Alianguka uani tarehe sita Machi asubuhi. Barua yako ya "ukivunjika, usiniite" iliponifikia alikuwa na siku ya kumi na tano wodini, ndiyo kwanza amewekewa chuma. Niliisomea pale pale kwenye benchi la wodi. Nikasema, vizuri, tumekatazwa kuita. Sikukuita.

Sasa yuko nyumbani. Kitanda chake tumekiweka chumba cha kushonea kwa sababu ndicho kisicho na ngazi. Vyerehani viwili nimevitoa barazani, mvua ikija tunakimbizana na vitambaa vya watu. Kila baada ya saa mbili namgeuza. Akijisaidia namsafisha, na analia, si kwa maumivu, analia kwa aibu. Hujawahi kumwona mama akilia hivyo na nakuombea usimwone.

Utauliza alianguka vipi. Alikuwa anaruka. Ndiyo, soma tena. Mama, na miaka sabini na moja, alikuwa anaruka uani kama ulivyoelekeza, na barua yako ndiyo iliyomwangusha. Alinisikia nikiisoma akaamini kila neno, kwa kuwa limetoka kwako. Mimi nikimwambia avae soksi anabisha. Wewe ukiandika kutoka huko uliko, anaruka.

Basi huo ndio utaalamu wako. Umeyaona matunda yake.

Dada yako.

*

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui nianze wapi.

Siku arobaini na tano! Mama yangu amelala wodini, amepasuliwa, amewekewa chuma, na mimi huku nacheka na watu, nanunua sabuni, nalala usingizi. Una roho gani? Hata kama nilikukera, ningekuwa nimekutukana matusi ya nguoni, mama ni wetu sote. Ungemtuma hata shemeji aniambie neno moja.

Na lingine. Niliandika asiruke! Niliandika kwa herufi kubwa nikapiga mstari chini. Ukurasa wa pili, karibu na mwisho, kabla ya jina langu. "Mama asiruke." Kila nikifumba macho nauona. Ulipokuwa unawasomea wenzako, ulisoma nini? Itafute hiyo barua, uisome vizuri, kisha uniambie.

Nieleze pia: anahisi vidole vya miguu? Kidonda kimekauka? Wamemwanzisha kukaa? Asilale tu chali, mapafu yatajaa. Mkalishe, hata akilalamika. Mfanye akanyage chini na fremu ya kutembelea, kidogo kidogo, kila siku.

Nijibu upesi, nakuomba.

Mdogo wako.

*

14 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Vidole anavihisi. Kidonda kimekauka. Anakaa asubuhi na jioni, mimi mwenyewe namwinua, na sihitaji kufundishwa.

Barua nimeitafuta, ninayo hapa mbele yangu. Kuna habari za kuruka, kuna nusu dakika, kuna wafuaji wako na madirisha. Mstari huo unaousema haumo. Mama hayumo kabisa, isipokuwa kwenye salamu, shali na yale uliyomwambia daktari.

Labda ulikusudia kuandika ukasahau. Una kazi nyingi, na jino lilikuwa linakuuma.

Dada yako.

*

1 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Shemeji je?

Nimekaa na jibu lako wiki mbili. Mwanzo nilikasirika nikataka kuja kuichukua hiyo barua kwa mikono yangu. Halafu nikaanza kujiuliza. Usiku ule nilikuwa nimemeza dawa za jino, mbili badala ya moja. Nilikuwa na usingizi. Inawezekana niliyawaza yale maneno nikayaona yameandikwa. Sasa siyaoni tena vizuri. Nikifumba macho naona karatasi nyeupe.

Kikundi nimekivunja. Wale wanawake kumi na mmoja walikuja Jumatatu na raba zao, nikawaambia basi, hatuendelei. Mmoja, karani wa mapokezi, ana arobaini na sita, ndiye aliyekuwa anaruka juu kuliko sote, akaniuliza, "Kwani zoezi limekuwa baya?" Nikamwambia zoezi halina ubaya, mwalimu ndiye mbaya. Akadhani natania. Mtu anayesahau kuandika jambo kama lile hafai kumwambia mwenzake anyanyue hata kidole.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mwisho wa mwezi namkabidhi mkuu wa kitengo. Miaka kumi na miwili inaishia hapo. Nitakuja kumuuguza mama, nikae moja kwa moja. Chumba cha kulala nitafutie, hata stoo ya vitambaa inanitosha.

Umefurahi? Muda wote ulitaka nirudi nimeinamisha kichwa. Narudi.

Mdogo wako.

*

17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakanyaga chini. Jana amefika mlangoni na fremu yake, akakaa, akarudi. Shemeji yako alimpigia makofi mpaka mama akamwambia nyamaza, unanichanganya miguu.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yako ya Februari. Fungua ukurasa wa pili. Mstari upo.

Upo kwa herufi kubwa, na kalamu uliikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Siku ile ninawasomea niliuona. Fundi wa vifungo alikuwa amejiinamia anacheka, yule mwenzake anajifuta machozi, na mimi nimenogewa, sijawahi kuchekesha watu hivyo. Nikauona mstari nikasema moyoni, huu hauna kichekesho. Nikauacha, nikakunja karatasi. Ni hivyo tu. Sikumfikiria mama.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini kuna zaidi, na nitakuambia yote leo, maana kesho sitakuwa na ubavu.

Mama hakuruka siku moja. Aliruka siku tatu. Asubuhi ya kwanza nilikuwa jikoni nikasikia kishindo uani. Kimya. Kishindo tena. Nikachungulia dirishani, nikamwona, ameshika kamba ya kuanikia nguo kwa mkono mmoja, shali yako begani, ananyanyuka kidogo kutoka chini, hata inchi mbili hazifiki. Halafu anasimama, midomo inacheza, anahesabu nusu dakika. Nikacheka peke yangu. Nikasema hii nitamwandikia Mtaalamu, aone amemfanya mama kituko. Nilikuwa naisubiri barua yako inayofuata ili nikuchome nayo. Mstari wako niliukumbuka. Nikasema, mara mbili tatu hazina neno. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu kamba ilikatika.

Siku ya pili nilimuuliza, mama, unahangaika nini? Akaniambia anataka miguu ipate nguvu apande ngazi za basi aje kwako, kwa sababu wewe huji. Hapo ndipo nilipotakiwa kumzuia. Badala yake niliingia ndani nikanuna. Mimi niko naye kila siku, namwosha, namlisha, na hajawahi kuruka kwa ajili yangu.

Uliponiandikia niitafute barua, ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nikakujibu haumo. Uliposema unaacha kazi nilifurahi, sikufichi. Nikasema sasa na yeye ataamka saa kumi za alfajiri kubadilisha mashuka. Nikaanza hata kuhamisha vitambaa stoo.

Juzi mama aliniomba nimsomee tena ile barua. Nikamuuliza ya nini. Akasema anataka kujua alikosea wapi, labda nusu dakika aliihesabu mbio, labda alitua vibaya, maana mwanangu hawezi kuandika kitu cha kuniumiza. Amekaa miezi mitatu kitandani akitafuta kosa lake. Nikaanza kusoma. Nilipofika pale nikaacha kusoma. Akaniuliza, hapo pameandikwa nini? Ningeweza kumdanganya, macho yake unayajua. Nikamsomea.

Hakunigombeza. Aliomba maji, akanywa, akasema, "Mwambie mwenzio asiache kazi." Tangu juzi hajanisemesha zaidi ya hapo. Nikimgeuza ananisaidia kugeuka ili nisimguse sana.

Barua ya kuacha kazi ichane. Kuhusu maneno ya maziko sikuombi radhi. Ulikuja jioni ukaondoka asubuhi, na mtu wa hivyo jina lake ni mgeni. Lakini kwa hili la mama sina pa kuuweka uso wangu.

Dada yako.

*

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata, na ile yangu nimeipata.

Niliuangalia mwandiko wangu nikalia kazini mbele ya wagonjwa. Mwezi mzima nimeuogopa mkono wangu mwenyewe. Nikiandika maelekezo ya mgonjwa nasoma mara nne, namwita mwenzangu aangalie, naifuata karatasi mpaka mlangoni niione tena. Hayo umenifanyia wewe, kwa makusudi, ukijua ukweli uko mfukoni mwako. Sijakusamehe. Usimtume mama aniombe, wala shemeji. Kama siku ya kusamehe itakuja sijui, leo haiko karibu.

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Kikundi kimerudi koridoni, wanawake tisa. Wawili hawajarudi, wamesema mwalimu hajielewi, na siwezi kuwalaumu.

Nakuja Jumamosi, nina likizo ya wiki tatu. Mama nitamwogesha mimi, mashuka nitabadilisha mimi, wewe rudi kwenye cherehani yako. Nitalala sakafuni karibu na kitanda chake. Usinipikie, usinitengee kiti. Tukikutana mlangoni tutasalimiana kwa sababu mama atakuwa anasikiliza, na baada ya hapo usinisemeshe.

Ila kuna jambo moja. Februari nilikuuliza kama umeanza, ukanicheka, na tangu hapo umeniandikia kila kitu duniani ila hilo. Kwa hiyo najua hujaanza. Kaa ufikirie, dada. Mama ana mimi na wewe. Wewe ukianguka, shemeji atamwita nani? Atakayekuvua nguo akuogeshe ni mimi, na leo hii, nakuapia, siwezi hata kukushika mkono.

Kwa hiyo ruka. Usiningoje Jumamosi, anza kesho asubuhi.

Mdogo wako.